Nukta na Kizingiti: Mhadhara juu ya Kutenga Mbele na Nyuma katika Picha za Kompyuta

Nataka kuzungumzia jambo ambalo kwa jina lake laweza kudhaniwa kuwa la mafundi peke yao. Jambo lenyewe ni hili: picha ikisha kuingia katika kompyuta, yawezekanaje kukitenga kitu kilicho mbele na vile vilivyo nyuma yake, mtu na ukuta alioegemea, mnyama na nyasi zilizomzunguka, herufi na karatasi iliyobeba herufi hiyo? Nia yangu ni kuonyesha ya kuwa mashine haijui mbele wala nyuma, bali hujua hesabu tu. Ya kwamba mbele huamuliwa na mwanadamu. Na ya kwamba kila uamuzi wa namna hiyo una kitu unachokitupa, ambacho aghalabu hatukioni mpaka kimekwisha potea. Mifano yangu mingi itatoka katika hati zetu za kale zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo nizishikazo kila siku, na kwa sababu ndizo zilizonifunza kosa langu.

Hoja ya kwanza: mbele hukaa katika nia ya mtazamaji

Mwaka 1915 mwanasaikolojia wa Denmark, Edgar Rubin, alieleza habari za mchoro ambao bila shaka wengi wenu mmepata kuuona: mtu akiutazama huona chombo cha maua, na akizidi kuutazama huona nyuso mbili zinazoelekeana. Wino haukubadilika, wala karatasi haikubadilika; kilichobadilika ni jicho, ambalo likikileta chombo mbele, nyuso huzama zikawa hewa tupu, na likizileta nyuso, chombo nacho hutoweka. Rubin alionyesha jambo ambalo mafundi wa kompyuta walikuja kulikuta baadaye kwa taabu, ya kuwa mstari mmoja wa mpaka hauwezi kuwa mali ya pande mbili kwa wakati mmoja, na kwamba upande utakaoupata hauamuliwi na wino.

Wala hatuna haja ya kusafiri hata Denmark ili tuyaone haya. Tandazeni kanga juu ya meza. Pana pindo lililozunguka pande nne, pana mji katikati, na pana jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu kidogo ya pindo la chini. Anayetafuta nguo ya kwenda nayo harusini hutazama rangi ya mji na jinsi inavyopatana na pindo. Lakini yule aliye na neno moyoni la kumfikishia jirani yake husoma jina kwanza, na maua yote huwa kwake uwanja tu wa kubebea maneno. Sasa nikiiambia kompyuta, “Nitolee kilicho mbele katika picha hii ya kanga,” nimeiambia nini? Sijaiambia kitu, maadamu sijasema mimi ni mnunuzi wa namna gani.

Na mtazameni fundi wa nakshi akiwa juu ya mbao za mlango wa Unguja au wa Lamu. Sisi husema anachonga ua, lakini patasi yake hailigusi ua. Huchimba kile kisicho ua, kidogo kidogo, hata uwanja ukashuka na ua likabaki limesimama mahali lilipokuwa tangu mwanzo ndani ya mti. Kazi yake yote ni kuondoa nyuma. Pana tafauti moja baina yake na sisi, ambayo naomba mniwekee mpaka mwisho wa mhadhara: chipu alizozimwaga sakafuni hazirudi tena katika ubao.

Hoja ya pili: kizingiti hakijui kusoma

Njia ya kale na nyepesi kuliko zote ya kutenga mbele na nyuma huitwa kizingiti. Picha isiyo na rangi, ndani ya kompyuta, ni jedwali la namba, na kila kijumba cha jedwali hilo, tukiitacho pikseli, huwa na namba moja kuanzia 0, ambayo ni weusi kamili, hadi 255, ambayo ni weupe kamili. Chagua namba moja iliyo katikati, uiite kizingiti. Kila pikseli yenye namba iliyo chini yake uihesabu kuwa wino, na kila iliyo juu yake uihesabu kuwa karatasi. Mtu akiwa na picha moja aweza kukichagua kizingiti kwa macho, lakini mwenye picha elfu kumi atafanyaje?

Jawabu lililo mashuhuri lilitolewa mwaka 1979 na mtaalamu wa Kijapani, Nobuyuki Otsu. Fikirini tumezihesabu pikseli zote za ukurasa na kuzipanga kwa mirundo, kila kiwango cha weusi na mrundo wake. Ukurasa mzuri hufanya vilima viwili: kilima kidogo cha wino upande wa giza, na kilima kikubwa cha karatasi upande wa mwanga, na bonde baina yao. Otsu aliagiza kompyuta ijaribu kila kizingiti kimoja baada ya kingine, na kila mara ipime jinsi pikseli za kundi moja zinavyofanana zenyewe kwa zenyewe, na jinsi wastani wa kundi hili ulivyo mbali na wastani wa kundi lile. Na kile kizingiti kinachoyatenga makundi mawili kuliko vyote, hicho ndicho kishikwe. Ni hesabu fupi, yaweza kuandikwa katika nusu ya ukurasa, na hata leo hutumika kila mahali. Mimi huistahi sana.

Lakini hesabu hiyo ina sharti lililofichika, kwamba vilima viwe viwili kweli. Mpige picha bwana aliyevaa kanzu nyeupe na kofia nyeupe, amesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kisha uitie picha hiyo katika kizingiti: kanzu itakwenda pamoja na ukuta, na kitakachobaki mbele ni uso na viganja viwili vinavyoelea hewani. Kompyuta haikukosea hesabu, kwani kanzu na chokaa zina namba moja.

Na sasa tuje kwenye hati. Karatasi iliyokaa miaka mia katika sanduku la pwani haina vilima viwili. Ina madoa ya unyevu yaliyo meusi karibu sawa na wino. Ina wino wa upande wa pili uliopenya ukatokea huku kinyumenyume. Ina wino mwekundu wa vichwa na vituo, ambao ukigeuzwa kijivu hufifia na kupita upande wa karatasi. Na ina matundu ya wadudu. Kizingiti kimoja kwa ukurasa mzima hapo hakifai. Ndiyo maana Wayne Niblack, mwaka 1986, alieleza njia ya kuwa na kizingiti cha kila mahali, kinachopatikana kwa kutazama kijidirisha kidogo kuizunguka kila pikseli na kupima wastani na mtawanyiko wa namba zilizomo. Na ndiyo maana Jaakko Sauvola na Matti Pietikäinen, wa Finland, mwaka 2000 waliirekebisha njia hiyo, ili pale ambapo namba za kijidirisha hazitawanyiki, yaani pale ambapo hapana maandishi, kizingiti kishuke na doa lisidhaniwe kuwa herufi. Tangu mwaka 2009 wataalamu wamekuwa wakishindanisha njia zao hadharani juu ya kurasa zile zile za kale, na maendeleo yamekuwa makubwa.

Hata hivyo, ndugu zangu, napenda kuwasimulia lililonipata mimi. Nilipewa picha za utenzi mmoja, mali ya nyumba ya mzee ambaye baba yake aliunakili kwa mkono wake. Nilizipitisha kurasa katika kizingiti cha vijidirisha, na zilipotoka zilikuwa na vidoa vidogo vidogo vingi kama mchanga. Basi nikaongeza hatua ambayo programu nyingi za kazi hii huwa nayo, ya kufuta kila kidoa kilicho kidogo kuliko kipimo fulani. Kurasa zikatoka nyeupe, nadhifu, za kupendeza. Nikazichapa, nikampelekea mzee kwa furaha. Aliishika ile ya kwanza, akaisogeza dirishani, midomo yake ikaanza kusoma, ikasita. Akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, nukta zi wapi?” Nikamwambia, “Maalim, nimeondoa uchafu tu.” Akaiweka karatasi chini, akasema, “Chuo hiki umekiosha hata kimekuwa bubu.”

Wasiosoma herufi hizi naomba niwafafanulie. Be, te, the, nuni na ye, zikiwa mwanzoni au katikati ya neno, zina umbo moja, kama jino dogo juu ya mstari. Kinachozitafautisha ni nukta: moja chini ni be, mbili juu ni te, tatu juu ni the, moja juu ni nuni, mbili chini ni ye, na baadhi ya waandishi wa pwani waliongeza nukta tatu chini ya be ipate kutamkwa pe. Zifute nukta, na maneno baba, bata, tata na nata yote yatakuwa umbo moja tu, ambalo si neno lo lote. Nukta ile, katika picha niliyokuwa nayo, ilikuwa na upana wa pikseli tano au sita. Tundu la mdudu nalo lilikuwa la pikseli tano au sita. Mashine iliona vidoa viwili vilivyo sawa, na mimi niliyeweka kipimo cha kufuta sikuwa nimeweka katika kipimo hicho elimu yo yote ya kusoma. Na katika kurasa nyingine mambo yalikuwa kinyume: tundu lilikuwa kubwa kidogo, likaponea chujio, likakaa juu ya jino la te kama nukta halali, na neno likasomeka jingine.

Hoja ya tatu: mpaka si mstari

Mpaka hapa nimesema kana kwamba kila pikseli ama ni ya mbele au ni ya nyuma. Si hivyo. Mtazameni bibi aliyejitanda shela nyepesi mbele ya bahari: pale kwenye ncha ya shela, jicho laona nguo na laona maji katika mahali pamoja. Unywele mmoja ni mwembamba kuliko pikseli, basi pikseli hiyo huchukua sehemu ya unywele na sehemu ya ukuta. Kofia ya viua, yenye vile vitundu vilivyoshonwa kwa subira ya miezi, ni hivyo hivyo. Alvy Ray Smith na Ed Catmull, huko Marekani, katika miaka ya 1970, waliliona hili wakaipa kila pikseli namba ya nne juu ya zile tatu za nyekundu, kijani na buluu; wakaiita alfa. Alfa ikiwa 1, pikseli yote ni ya mbele. Ikiwa 0, yote ni ya nyuma. Ikiwa nusu, basi ni ya ubia. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff waliziandika kanuni za kuchanganya picha kwa alfa, na kanuni hizo ndizo zifanyazo kazi kila mnapobandika picha juu ya picha.

Kuchanganya ni rahisi. Kuchanganua ndiko kugumu. Pikseli yatupa namba tatu tu. Nasi twataka kujua rangi ya mbele, ambayo ni namba tatu, na rangi ya nyuma, ambayo ni namba tatu, na alfa, ambayo ni moja. Milinganyo mitatu, majina yasiyojulikana saba. Mwanafunzi ye yote wa aljebra atakwambia kwamba hapa hapana jawabu moja, ila uongezewe habari kutoka nje.

Watu wa sinema walizileta habari hizo kwa pazia. Katika filamu ya The Thief of Bagdad ya mwaka 1940, yenye kisa cha zulia lirukalo na jini atokaye chupani, Lawrence Butler alitumia pazia la buluu nyuma ya waigizaji, na kwa kazi hiyo akapata tuzo ya Oscar. Alichokifanya ni kuchagua rangi ambayo ngozi ya binadamu haina nyingi, ili nyuma ijulikane kabla ya kuulizwa. Pazia likaja kuwa la kijani aghalabu, na sababu yake moja ni kwamba katika kihisi cha kamera nyingi za leo, kwa mpango wa Bryce Bayer wa Kodak ulioandikishwa mwaka 1976, vijicho vya kijani ni nusu ya vijicho vyote, na nyekundu na buluu hugawana nusu iliyobaki. Ila pazia lina ada yake: mwigizaji akivaa nguo ya rangi ya pazia, tumbo lake hutoboka.

Lakini mwaka 1996 Alvy Ray Smith huyo huyo, pamoja na James Blinn, walithibitisha jambo lililonifungua macho. Walisema: kipige kitu kile kile picha mara mbili, bila kukisogeza, mara ya kwanza mbele ya rangi moja na mara ya pili mbele ya rangi nyingine. Rangi za nyuma sasa zote mbili zajulikana; milinganyo imekuwa sita; yasiyojulikana yamebaki manne. Jawabu lapatikana, hata kwa glasi, hata kwa shela. Kile kibadilikacho baina ya picha mbili ni nyuma. Kile kisichobadilika ni mbele. Nitarudi hapa.

Hoja ya nne: kinachotembea si lazima kiwe mbele

Hii nitaipita upesi. Kamera ikitulia mahali pamoja, yaweza kujifunza sura ya kawaida ya mahali hapo, kisha ikahesabu kila kigeni kuwa mbele. Katika Serengeti, tangu mwaka 2010, watafiti waliweka kamera 225 zinazojipiga zenyewe zikihisi joto na mwendo. Mpaka mwaka 2013 zilikuwa zimekusanya mafungu ya picha zaidi ya 1,200,000, na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 waliyapitia kwa macho yao. Mafungu yaliyokuwa na mnyama yalikuwa kama 322,000 tu. Mengi ya yaliyobaki yalikuwa nyasi zilizotikiswa na upepo katika jua kali. Nyasi zilikuwa zikitembea. Simba aliyelala kivulini alikuwa ametulia.

Hoja ya tano: mashine hufuata mkono uliozichorea mipaka

Tangu mwaka 2015, watu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, Ujerumani, walipotoa mtandao wa kompyuta uitwao U-Net kwa ajili ya kutenga seli katika picha za hadubini, kazi hii imehama kutoka kwenye kanuni zilizoandikwa na kwenda kwenye mashine zinazofunzwa kwa mifano. Mtu huchora mpaka kwa mkono katika picha nyingi, na mashine hujifunza kuiga. Mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitoa mashine ya namna hii iliyofunzwa kwa picha milioni 11 na mipaka zaidi ya bilioni moja. Ni kazi ya kustaajabisha: ukigusa kitu kwa ncha ya kidole, mpaka wake wote hujichora.

Basi swali la hoja ya kwanza limerudi kwa mlango mwingine: mifano ilichaguliwa na nani, na ilikuwa ya nani? Mwaka 2020, mikutano yote ilipohamia katika kompyuta kwa ajili ya maradhi ya korona, ilionekana hadharani ya kuwa programu moja ya mikutano, ilipowekewa mandhari ya bandia, ilikifuta kichwa cha mtu mweusi pamoja na ukuta uliokuwa nyuma yake. Miaka miwili kabla, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walikuwa wamepima mashine za kutambua jinsia kwa kutazama uso, ambayo ni kazi iliyo jirani na yetu, wakakuta kosa lililofikia asilimia 34.7 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, hali kwa wanaume weupe halikuzidi asilimia 0.8. Mtu kuambiwa na mashine kwamba uso wake ni sehemu ya ukuta si hitilafu ndogo ya kiufundi. Ni dharau, hata kama hapana aliyeikusudia, na dawa yake ni mifano inayotuhusu, iliyochorwa na mikono inayotujua.

Ndivyo ilivyo kwa herufi pia. Mashine iliyofunzwa kwa kurasa za Ulaya haikupata kuadhibiwa hata mara moja kwa kufuta nukta tatu, kwa sababu katika kurasa hizo nukta tatu hazikuwa na neno la kuliokoa.

Sasa nieleze tunakokwenda. Hati za pwani zimeanza kupigwa picha kwa wingi. Zile za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, kwa mfano, zimekwisha kupigwa kwa msaada wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na masanduku mengi bado yamo majumbani. Kwa wale watakaoyafungua nina maombi matatu. La kwanza, picha ya asili isiguswe kamwe. Fundi wa nakshi hana njia ya kuzirudisha chipu, lakini sisi tunayo: mpaka wa mbele na nyuma uandikwe katika faili lake peke yake, liwekwe juu ya picha kama kifuniko, liondolewe likikosea, lisahihishwe, lirudishwe. Usafi wa ukurasa uwe ni nguo inayovuliwa. La pili, wanaosoma herufi hizi, wazee na vijana wa madrasa, waketi pamoja na mafundi wachore mipaka ya kurasa mia chache tu, nukta kwa nukta, na tundu kwa tundu, tuzifunze mashine zetu kwa mifano hiyo. Kazi hii haihitaji fedha nyingi kama inavyohitaji macho na subira.

La tatu, la kutumia ile njia ya picha mbili ya Smith na Blinn, nimekwisha kulijaribu. Kila ukurasa uliotoboka huupiga picha mara mbili bila kuusogeza. Mara ya kwanza chini yake nimeweka karatasi nyeupe, mara ya pili nimeweka karatasi nyekundu. Wino haubadiliki. Tundu hubadilika. Kompyuta hutoa picha moja katika nyingine, na matundu yote hung'aa, nukta zikabaki nyeusi mahali pake. Mwezi uliopita nilirudi kwa mzee na kurasa kumi na mbili nilizozifanya hivyo. Alizisoma zote kwa sauti, pole pole, na mara mbili alinisimamisha, akaweka kidole juu ya karatasi, akasema, “Hapa bado.” Kurasa hizo nimekuja nazo, pamoja na ile ya kwanza iliyokuwa bubu, na zimetandazwa juu ya meza iliyo nyuma ya ukumbi, mwenye kusoma naomba asome, na atakapoona nukta isiyo mahali pake atie alama kwa penseli niliyoiweka hapo.